Makaratasi ya Profesa Lemkin

Tarehe 9 Desemba 1948, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokutana Paris lilipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari. Ni mkataba mfupi wa vifungu 19, mtu anaweza kuumaliza kabla chai haijapoa. Lakini humo huoni nani aliuomba, nani aliupunguza, wala kitu gani kilitolewa ili nchi zikubali kupiga kura. Mengi ya hayo yamo katika makaratasi ya mtu mmoja, Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyezaliwa mwaka 1900. Aliwahi kuwa mwendesha mashtaka Warsaw, akawakimbia Wajerumani mwaka 1939, akapata hifadhi Sweden, na huko akaanza kukusanya amri zilizotangazwa na Wanazi katika nchi walizozivamia. Mwaka 1941 alifika Marekani, akafundisha sheria Chuo Kikuu cha Duke na baadaye Yale. Amri zile ndizo zilizojaza kitabu chake cha 1944, ambamo kosa hili lilipewa jina kwa mara ya kwanza. Alikufa New York mwaka 1959, hana mali, wasifu wake haujakamilika. Barua zake, rasimu, kadi za utafiti na miswada vimegawanyika leo kati ya hifadhi mbili za New York na moja ya Cincinnati.

Hoja yangu ni kwamba nyaraka za namna hii ni ushahidi wa umma, hata kama ziliandikwa chumbani kwa mtu, na kwamba sisi wa Afrika tuna haja nazo kuliko tunavyodhani. Chukua suala la utamaduni. Rasimu ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1947, ambayo Lemkin aliisaidia pamoja na wataalamu wengine wawili, ilihesabu pia uharibifu wa utamaduni wa kundi: kupigwa marufuku lugha yake, kuteketezwa vitabu vyake, kubomolewa mahali pake pa ibada. Wenzake wawili waliona amevuka mpaka. Oktoba 1948 kamati ya sheria ya Baraza Kuu ilikiondoa kifungu hicho, na miongoni mwa waliokipinga zilikuwamo dola zenye makoloni. Kumbukumbu rasmi zinatuonyesha kura. Wasifu wa Lemkin, uliokaa maktabani zaidi ya nusu karne hadi ulipochapishwa mwaka 2013, unaonyesha kwamba yeye mwenyewe alikiona kifungu hicho kuwa kiini cha jambo zima, akakiacha kwa uchungu ili mkataba mzima usizame. Anayesoma sheria bila kujua hilo anaweza kudhani kwamba ukimya wake kuhusu utamaduni ulitokana na kusahau. Kumbe ulikuwa bei.

Mwanasheria makini atapinga. Atasema sheria ni maandishi yake, na kwamba Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu mikataba ya kimataifa unaanza na maana ya kawaida ya maneno. Kumbukumbu za maandalizi ni msaada tu pale maana inapokuwa na utata, na barua za mtu binafsi hazimo hata katika kundi hilo. Ni kweli, na sidai kwamba jaji amnukuu Lemkin kama kifungu. Lakini tazama yaliyotokea Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa mahakama ya kwanza ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hili. Mkataba wa 1948 unalinda makundi ya taifa, kabila, rangi na dini. Watutsi na Wahutu walikuwa na lugha moja na utamaduni mmoja, hivyo majaji walilazimika kurudi kwenye kumbukumbu za 1948 kuuliza waandishi walikusudia kumlinda nani. Siku maneno yanaposhindwa kutosha, historia ya maneno hayo huitwa kizimbani, na anayeijua nusu yake ataieleza nusu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: makaratasi ya mtu humpendelea mwenyewe. Wasifu wa Lemkin kweli unamweka katikati ya kila ukumbi, kana kwamba mabalozi walikuwa wakisubiri aingie ndipo wafikiri. Hata hivyo makaratasi hayohayo ndiyo yanayomsuta. Alikuwa akiandika historia ndefu ya maangamizi duniani, na ndani yake zimo sura kuhusu Waherero chini ya Wajerumani na Kongo ya Mfalme Leopold. Anaulaani ukatili huo. Lakini watafiti walioisoma miswada hiyo wameonyesha kwamba kuhusu Kongo aliwatupia askari Waafrika lawama kubwa kwa lugha ya dharau ileile ya wakoloni. Mnara wa kumbukumbu usingetuambia hivyo. Mtu aliyeipa dunia sheria ya kuwalinda wanyonge hakuwaona wanyonge wote kwa jicho moja, na msomaji wa Lubumbashi au Goma ana haki ya kulijua hilo.

Inabaki hoja ya faragha, nayo ina dawa: mwenye nyaraka au warithi wake wanaweza kukubaliana na maktaba kwamba barua za familia zifungwe kwa miaka kadhaa na zilizobaki zifunguliwe. Kwetu tatizo ni kwamba makubaliano yenyewe mara nyingi hayafanyiki. Karatasi za Walter Rodney, aliyefundisha historia Dar es Salaam, zinasomwa Atlanta. Maprofesa wetu wa sheria wameandika rasimu za katiba, wamekaa katika tume na kuzishauri serikali mezani pa mazungumzo. Sanduku la daftari ambalo warithi hawakuambiwa thamani yake linaweza kuishia kufungia karanga. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere viwafuate wazee hawa sasa, wakiwa na nguvu za kueleza ipi ni rasimu ya kwanza na nani aliandika pembeni kwa wino mwekundu.