Mita tano za binti yetu

READING, Uingereza

Jumamosi za wazazi wengi huku ughaibuni huanza kwa kuchelewa kuamka. Yetu huanza saa 12 asubuhi, kwa kumshika mtoto kipaji cha uso kuona kama ana joto. Binti yetu ana miaka 6 na anaumwa selimundu, au "siko seli" kama wengi tunavyouita. Joto lake likifika nyuzi 38, safari ni moja tu, ya hospitali, kwa sababu bandama ya mwenye maradhi haya haimkingi vizuri na vijidudu. Jumamosi iliyopita kipimajoto kilisema 36.8. Akanywa dawa yake na bilauri mbili za maji, tukafunga mkoba wa kuogelea.

Ndugu wasomaji mtauliza, mtoto kama huyo mnamtia majini ya nini? Swali hilo bibi yake aliyeko Pemba ametuuliza mara nyingi kwenye simu. Sababu tunazo mbili. Ya kwanza ni ya shule: mtaala wa England unataka kila mtoto awe anaweza kuogelea mita 25 kabla hajamaliza shule ya msingi, na hatupendi wetu awe yule anayekaa pembeni na taulo. Ya pili tunaijua sisi watu wa visiwani. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wakafa mamia ya watu. Nasi tulipoteza ndugu. Hatusemi kwamba kila aliyejua kuogelea aliokoka, lakini mtoto atakayekuwa akivuka bahari kwenda kwa bibi yake haifai aogope maji.

Tatizo ni baridi. Chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu. Mwili ukipoa mishipa hubana, chembe hizo zikakwama, damu isipite vizuri, na hapo ndipo maumivu huanza. Muhula uliopita tulimpeleka kwenye bwawa kubwa, maji yake ya baridi. Alipotoka akitetemeka, mwalimu alidhani anadeka, akamrudisha. Usiku ule miguu ilimuuma mpaka akapiga kelele, na alilazwa siku mbili. Mwalimu tulimlaumu sana, lakini kusema kweli kosa lilikuwa letu pia. Hatukuwa tumemwambia kitu. Tuliona haya mtoto asije akaitwa mgonjwa.

Muuguzi wa kliniki hakutukataza. Alituambia tutafute bwawa dogo la wanaoanza, ambalo maji yake ni ya uvuguvugu, tumvishe vazi la mpira la mikono mirefu, atoke mara tu anapochoka au kuhisi baridi, akaushwe papo hapo, anywe maji kabla na baada. Na mwalimu aambiwe kila kitu.

Safari hii tulimwambia. Mwalimu mpya alisikiliza, akamweka mtoto karibu na ngazi. Dakika kumi za mwanzo alikuwa ameshika boya tu. Kisha akaliachia, akapiga miguu, akameza maji, akakohoa, akaendelea hadi ukingo wa pili. Mita tano! Mmoja wetu alilia, mwengine alikuwa ameshakunjua taulo.

Jioni, wakati wa kula, akasema, "Mguu unauma." Vijiko vikasimama. Tukapima joto: 36.9. Tukampa maji, tukaandaa chupa ya maji moto, mkoba wa hospitali ukatolewa kabatini. Tulipomvua soksi ndefu tukaona alama nyekundu gotini. Alijigonga kwenye ngazi ya bwawa! Hata hivyo, tulikesha kwa zamu mpaka alfajiri.

Kabla ya kulala alizungumza na bibi yake, akamweleza habari za mita tano. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akatuambia: "Haya, mfundisheni. Lakini kichwa mkikaushe."

Jambo moja tungependa liwafikie vijana wanaotaka kuoana, wa huku na wa nyumbani. Sisi wawili tumebeba chembe za ugonjwa huu bila kuumwa hata siku moja, na hatukupima kabla ya ndoa. Watu wawili wa namna yetu wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Maradhi haya yamejaa Afrika Mashariki, na kipimo ni cha damu kidogo tu. Pimeni mjue mapema.

Binti yetu hatungembadilisha kwa chochote. Zimebaki mita 20, Inshallah.