Je, Wajua? Miguu Hujibu Mwenyewe Akiwa Usingizini

Je, wajua kwamba mgonjwa aliyelala kwa nusukaputi katika upasuaji wa mgongo anaweza kuulizwa kama miguu yake ingali na uhai, na miguu ikajibu yenyewe? Anayeuliza ni umeme. Huusisimua ubongo, nao ubongo hutuma amri kupitia neva za mwendo ndani ya uti wa mgongo, na misuli ya mguu hushtuka.

Je, wajua kwamba zamani ilibidi mgonjwa aamshwe? Mwaka 1973 daktari Stagnara na wenzake wa Ufaransa walieleza jinsi ya kumzindua mgonjwa katikati ya upasuaji wa mgongo uliopinda, jeraha likiwa wazi, na kumwambia achezeshe vidole vya miguu. Akivichezesha, analazwa tena. Jaribio hilo lilikuwa la busara kubwa, ila lilijibu kuhusu dakika ile moja tu.

Je, wajua kwamba si lazima ubongo ufunuliwe? Mwaka 1870 huko Berlin, watafiti Fritsch na Hitzig waliufunua ubongo wa mbwa ili waguse sehemu ya mwendo kwa umeme. Mwaka 1980 watafiti Merton na Morton wa Uingereza walipitisha umeme juu ya kichwa cha mtu aliye macho, fuvu likiwa zima, na mkono ukashtuka.

Je, wajua kwamba umeme huo hufika volti mamia kadhaa? Usiogope: kila mpigo hauchukui hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo wa kushoto ukiguswa, mkono wa kulia ndio unaojibu. Taya nazo hukaza ghafla, hivyo mgonjwa huwekewa vitambaa vilivyokunjwa kati ya meno asijing'ate ulimi.

Je, wajua kwamba gesi za usingizi hufifisha jibu hilo, na dawa za kulegeza misuli huweza kulizima kabisa? Ndiyo maana wengi huchagua propofoli, ikitiririshwa kwenye mshipa.

Na hili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kupima njia ya mguso pekee hakutoshi. Neva za mguso hupanda upande wa nyuma wa uti wa mgongo. Za mwendo hushuka kando na mbele, zikilishwa na mishipa mingine ya damu. Damu ikikatika mbele, mguso huweza kupita salama huku miguu ikipooza. Kipimo cha mwendo huliona hilo mapema, misuli inaponyamaza kwenye skrini. Hapo presha ya damu hupandishwa, vyuma vinavyonyoosha mgongo hulegezwa, na umeme huuliza tena.