Ukiuza spea, tuma na maelezo yake

Mimi nauza spea za Hiace mtandaoni, niko Mbagala. Mteja wa Tegeta alinunua kwangu hita plagi 4 za injini ya 3L, ya dizeli. Kesho yake ananipigia kwa hasira: akifungua za zamani, moja imekatika, kipande kimebaki ndani ya hedi. Plagi zangu hata hajazifunga, ila lawama zote kwangu!

Jamani, hita plagi ni nyembamba, uzi wake milimita 10 tu. Miaka ikipita, masizi na kutu vinaing'ang'aniza. Ukilazimisha injini ikiwa baridi, inakatika. Siku hizi kila mzigo nautuma na ujumbe huu:

1. Pulizia dawa ya kulegeza kutu, iache ilale usiku mzima.
2. Asubuhi washa injini ipate moto, zima, chomoa waya, fungua ingali ya moto.
3. Ikigoma usikaze mkono. Legeza kidogo, rudisha kidogo, ongeza dawa.
4. Ikikatika, usitoboe kwa pupa. Vipande vikidondoka ndani vinaumiza pistoni. Mwite fundi mwenye vifaa vya kutolea. Pengine hedi itashushwa.

Yule mteja hedi ilishuka, gari likalala siku 3. Nilimpunguzia bei ya gasketi, tukamalizana vizuri, mpaka leo ananunua kwangu. Lakini ujumbe wa dakika 2 ungemwokoa yeye hasara, na mimi lawama.