Je, Wajua? Tochi na Rangi za Picha za Usiku

Je, wajua kwamba nyanya huonekana nyekundu kwa kuwa inaurudisha mwanga mwekundu unaoiangukia? Tochi isiyokuwa na wekundu wa kutosha huifanya nyanya mbivu itoke kahawia pichani, hata kamera iwe ya bei gani.

Wajua usahihi wa rangi chini ya mwanga una kipimo? Huitwa CRI, nacho ni cha Tume ya Kimataifa ya Mwangaza (CIE), yenye makao Vienna, Austria. Alama ya juu ni 100. Balbu za zamani za waya huikaribia. Tochi nyingi za LED za bei nafuu huishia karibu na 70. Kwa picha, tafuta 90 kwenda juu.

Wajua CRI ya kawaida ni wastani wa rangi 8 tu, zote zisizokolea? Nyekundu iliyokolea ina alama yake, R9. LED ya CRI 80 yaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri, na ngozi ya mtu ikatoka imefifia kama ya mgonjwa.

Wajua taa za sodiamu za presha ndogo zina CRI iliyo chini ya sifuri? Karibu mwanga wake wote ni wa manjano, wa nanomita 589. Chini yake, nguo nyekundu na ya buluu huwa vigumu kuzitofautisha.

Wajua ndani ya LED nyingi nyeupe mna mwanga wa buluu? Unga maalumu unaoifunika huigeuza sehemu ya mwanga huo kuwa manjano na nyekundu. LED ya buluu iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nakamura aliitengeneza akiwa Nichia ya Japani, kampuni ambayo LED yake ya 519A inasifika kwa rangi.

Wajua lumeni nyingi, yaani mwanga mwingi, si dalili ya rangi nzuri? Lumeni huhesabiwa kwa kufuata jicho, nalo huhisi zaidi kijani cha karibu nanomita 555. Wekundu ukiongezwa kwa umeme uleule, lumeni hupungua. Usijali: kamera ikitulia kwenye stendi na ikaachwa ipokee mwanga kwa sekunde 30, tochi ndogo inayopitishwa polepole huuangaza mbuyu mzima.

Wajua kelvini ni habari nyingine? Huonyesha kama mwanga umeelekea manjano au buluu, na hilo kamera hulirekebisha. Rangi ambayo tochi haikuitoa, hakuna programu ya kuirudisha kwa uhakika.

Wajua tochi nyingine hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima upesi mno? Jicho halioni, lakini picha hutoka na mistari. Ielekezee kamera ya simu, utaiona.

Kabla ya kulipa, mulika kwa tochi khanga nyekundu na kiganja chako dukani, kisha vitazame mlangoni kwenye mwanga wa jua. Rangi zikilingana, nunua. Zisipolingana, irudishe tochi hiyo, hata ikijisifu lumeni elfu.