Kikohozi kisichoisha: Uvimbe mmoja, saratani mbili

Lindi. Kama baba au babu nyumbani amekohoa wiki mbili au zaidi, hatua ya kwanza ni kumpima kifua kikuu. Kinatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Lakini majibu yakisema hana, au akimeza dawa bila kupata nafuu, familia isikae kimya. Kukohoa damu, kukonda na maumivu ya kifua ni dalili za kifua kikuu, na pia za saratani ya mapafu.

Eksirei huonyesha kivuli tu. Aina ya saratani hujulikana kwa kukata kinyama kwenye uvimbe, kwa sindano au kwa kamera inayopitishwa kwenye njia ya hewa, kisha kukipima maabara.

Hapo ndipo penye mtego. Mara chache, uvimbe mmoja hubeba saratani mbili: ya seli ndogo pamoja na aina nyingine, au ya seli za tezi zinazotengeneza ute pamoja na ya seli bapa. Mchanganyiko huu wa pili huthibitishwa pale kila aina inapofikia angalau asilimia 10 ya uvimbe.

Mkulima wa korosho wa Kitomanga anajua kuwa konzi moja kutoka juu haielezi gunia zima. Kinyama kidogo nacho kinaweza kuonyesha aina moja, nyingine ikabaki imejificha. Mara nyingi ukweli wote huonekana uvimbe ukishaondolewa na kupimwa sehemu mbalimbali.

Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni kubwa. Saratani ya seli ndogo husambaa haraka na kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na mionzi. Aina nyingine zikiwahiwa huweza kuondolewa kwa upasuaji. Aina moja isipoonekana, dawa zinaweza kupunguza sehemu moja huku nyingine ikikua.

Muulizeni daktari:

• Kinyama kilitosha kutoa jibu kamili?

• Kimepimwa kwa rangi maalumu zinazotofautisha seli?

• Dawa zisipofanya kazi, kitapimwa upya?

Maabara huhifadhi kinyama ndani ya nta, hivyo kinaweza kuangaliwa tena na mtaalamu mwingine. Mkipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, bebeni picha na majibu yote ya nyuma. Safari ni ndefu. Msirudi Lindi kufuata karatasi.