SOMO LA REDIO: MTOTO WETU ANAFUNDISHWA NINI CHUONI?

(Muziki mfupi.)

  Kiongozi wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu ana karatasi na kalamu. Nanyi mnaosoma somo hili katika kurasa hizi, someni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi. Mzazi huuza mahindi yake. Huuza na ng'ombe. Humpeleka mtoto chuoni. Kisha usiku hujiuliza: Huko aliko, mtoto wangu anafundishwa nini?

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mzee mmoja wa Mollo, kule Sumbawanga. Binti yake anasoma katika chuo cha kilimo. Wakati wa Pasaka binti amerudi nyumbani kwa likizo. Mvua bado zinanyesha na majani ni mabichi. Asubuhi wanakwenda shambani pamoja. Mzee anaanza kukata majani, anayakusanya, anayafunika kwa udongo mpaka yanakuwa kichuguu cha mviringo. Hiyo ndiyo intumba, kilimo cha Wafipa tangu mababu.

Binti anatazama, kisha anasema: "Baba, hicho ni kilimo cha zamani. Sisi chuoni tumefundishwa kupanda kwa mistari na kutia mbolea ya dukani."

Mzee hakujibu neno. Lakini jioni alimwambia mkewe: "Mama watoto, tumeuza ng'ombe wawili ili mtoto afundishwe kutudharau?"

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Je, neno kama hili limewahi kusemwa nyumbani kwako?

(Kimya kidogo ili kikundi kizungumze.)

Wazazi huwa na hofu za namna tatu. Hofu ya kwanza ni ya tabia: mtoto ataacha dini na adabu ya nyumbani. Hofu ya pili ni ya kazi: atamaliza masomo, arudi na cheti, akae bila kazi, na jembe asilitake. Hofu ya tatu ni ile ya mzee wetu: mtoto atafundishwa kuona kwamba baba na mama hawajui kitu.

Hofu hizi si za wajinga. Hata Rais wa nchi aliwahi kuzipata. Sikilizeni habari hii ya kweli.

Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba vijana wanaomaliza masomo ya juu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda fulani wapokee sehemu tu ya mshahara. Wanafunzi wengi wa chuo kikuu kilichokuwako Dar es Salaam wakati ule walikataa. Tarehe 22 Oktoba, 1966, waliandamana mpaka Ikulu. Bango moja lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Rais Nyerere alikasirika sana. Aliwafukuza wanafunzi karibu 400, wakarudishwa makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baadaye wengi wa wanafunzi wale walikubaliwa kurudi masomoni.

Ni kana kwamba Rais alijiuliza kama mzazi: Tumewafundisha nini watoto hawa, hata wakajiona si wenzetu? Mwezi Machi 1967 alitoa maandishi yaliyoitwa Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba elimu tuliyorithi ilimfanya kijana aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni au kwa watu waliosoma. Kijana huyo aliona kwamba maarifa ya wazee wake hayana thamani.

Basi turudi Mollo, kwa mzee wetu. Siku ya pili yake alifanya jambo la busara. Hakugomba. Aliuliza.

"Mwanangu, mwalimu wenu alisema intumba ni mbaya?"

Binti alifikiri. "Hapana, Baba. Hakuitaja kabisa."

Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Mwalimu hakuitukana intumba. Hakuisema tu. Huenda yeye ametoka mahali pengine na hajapata kuiona. Lakini kijana alidhani kwamba kitu kisichotajwa darasani hakina maana. Kwa hiyo, ndugu mzazi, usiulize tu mtoto anafundishwa nini. Uliza pia ni nini ambacho hafundishwi. Hicho pengine ni kazi yako kumfundisha.

Je, intumba ina maana? Ndiyo. Nchi ya juu ya Ufipa ina majani mengi na miti michache. Watu wa nchi zenye misitu, kama Wabemba wa Zambia, walizoea kukata matawi na kuyachoma, wapande katika majivu. Mfipa hakuwa na matawi ya kutosha, basi alitumia majani. Huyafukia mvua zinapokaribia kwisha, udongo ukiwa bado na maji. Majani huoza ndani ya udongo na kuwa mbolea. Mvua mpya zikija, vichuguu husambazwa na mbegu hupandwa.

Na mtu wa chuo anasema nini? Anasema kwamba ndani ya udongo mna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyoozesha majani. Vinahitaji maji na hewa ili vifanye kazi. Majani mabichi huoza upesi. Majani makavu huchelewa, na yanapooza vijidudu hivyo huchukua chakula cha udongo, mimea ikakosa. Ndiyo maana wazee walisema majani yafukiwe mapema, yakiwa mabichi. Mzee alijua jambo lenyewe, na chuo kinajua sababu yake.

Lakini tuseme kweli yote. Binti naye hakukosea katika kila kitu. Intumba hutaka majani mengi. Shamba likilimwa kila mwaka bila kupumzishwa, majani hupungua, na kichuguu kinakuwa udongo mtupu. Hapo samadi na mbolea ya dukani husaidia. Tena udongo wa mahali pengi Ufipa ni mchachu, na udongo mchachu huzuia mimea kula vizuri. Kwa macho huwezi kuujua uchachu huo. Hupimwa kwa chombo, na dawa yake ni chokaa ya kilimo. Hayo binti alijifunza chuoni, na baba yake hakuyajua.

Basi wakakubaliana. Nusu ya shamba walipiga intumba. Nusu nyingine walipanda kwa mistari, na binti akachukua udongo wa pande zote mbili ukapimwe. Mavuno ndiyo yatakayoamua.

Sasa tuseme juu yako wewe. Ufanye nini ili ujue mtoto wako anafundishwa nini?

Kwanza, soma mwenyewe barua ya kujiunga na chuo. Zamani ulimpa mtoto akusomee, akakusomea mstari wa ada tu. Leo umejua kusoma. Tafuta jina la kozi, muda wake na masharti yake.

Pili, hakikisha kwamba chuo kimesajiliwa. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo kwa kifupi huitwa TCU. Vyuo vya ufundi na vyuo vya kati husimamiwa na baraza linaloitwa NACTVET. Usitoe fedha kabla ya kuuliza huko.

Tatu, uliza habari za mtaala. Mtaala ni mpango wa masomo yote ya kozi. Uliza pia mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani na yanafanyika wapi. Mtu hawezi kujua kushona kwa kutazama picha ya cherehani.

Nne, zungumza na mtoto mwenyewe. Mwanafunzi wa chuo aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na chuo huzungumza naye zaidi kuliko na mzazi. Usingoje barua kutoka kwa mkuu wa chuo. Mtoto akirudi, mwambie: "Nifundishe jambo moja ulilojifunza muhula huu." Akishindwa kulieleza kwa lugha ya nyumbani, basi bado hajalijua vizuri. Akishamaliza, nawe mfundishe jambo moja. Na kama una hofu juu ya dini au tabia, iseme waziwazi na kwa upole. Hofu isiyosemwa hugeuka kuwa ugomvi.

MANENO YA KUANDIKA

Andika kila neno mara tatu: mtaala, kozi, cheti, usajili, udongo, mchachu, chokaa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini binti alidhani intumba haina thamani?
2. Mzee alijua nini ambacho binti hakujua? Binti alijua nini ambacho mzee hakujua?
3. Taja kazi moja ya kijijini kwenu ambayo haifundishwi chuoni. Nani atawafundisha vijana?
4. Kila mmoja aandike swali moja atakalomwuliza mtoto wake, au mtoto wa jirani, aliye chuoni.

Ndugu zangu, tunzeni maswali mliyoandika. Juma lijalo tutaanza kwa kuyasoma, na anayependa atatueleza jibu alilopewa. Kwa leo tunaishia hapa. Kwa herini.

(Muziki.)