Mafuta ya Mimea Katika Injini ya Dizeli

Wako watu wanaosadiki kuwa kuendesha gari kwa mafuta ya alizeti au ya mawese ni uzushi wa siku hizi, uliobuniwa na waliochoshwa na bei za vituo vya mafuta. Ilhali jambo hili lina umri unaokaribia umri wa injini ya dizeli yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliunda injini isiyohitaji cheche ya plagi: hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ikapata joto kali, na mafuta yanyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, ikaenda vizuri hata watazamaji wengi wasitambue tofauti. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio lile, kwani karanga zilistawi katika makoloni yake ya Afrika, nayo ilitamani mitambo ya huko iendeshwe kwa mazao ya huko huko, pasipo kuagiza makaa ya mawe wala mafuta kutoka ng'ambo.

Kama jaribio lilifaulu, mbona leo twanunua dizeli? Sababu ya kwanza ni bei, maana mafuta ya kuchimbwa yalipopatikana kwa wingi yalikuwa rahisi kuliko ya kukamuliwa. Sababu ya pili ni uzito. Si ule wa mizani, bali ule wa kutiririka. Katika joto la nyuzi 40 mafuta ya mimea huwa mazito kupita dizeli yapata mara kumi, na nozeli ya gari, yenye vitundu vyembamba mno, hushindwa kuyatoa kama ukungu, ikayatoa kwa matone yasiyoungua sawasawa. Masizi hujenga gamba kwenye ncha ya nozeli, ringi za pistoni hukwama, na mafuta yasiyoungua huteremka yakachanganyika na oili mpaka oili ikawa nzito isiweze tena kulainisha vyuma. Maradhi haya hayaonekani siku ya kwanza, na hapo ndipo wengi hughurika: gari hunguruma vyema na moshi wake hunukia chipsi, kumbe ndani uharibifu umekwisha kuanza.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kulibadili gari: hutiwa tangi la pili, na mafuta ya mimea hupitishwa penye maji moto ya injini hadi yafikie nyuzi 70 hivi, yakawa mepesi. Dereva huwasha kwa dizeli, huhamia tangi la pili injini ikishapata moto, na hurudi kwenye dizeli kabla ya kuzima, ili asubuhi nozeli isikutwe imejaa mafuta baridi.

Dawa ya pili ni kuyabadili mafuta yenyewe. Mwaka 1937 mtaalamu wa Ubelgiji aitwaye Chavanne alipata hataza ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa spiriti, na mwaka uliofuata basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Leuven kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Na mawese, kama ijulikanavyo, yalikuwa mali kubwa ya Kongo, koloni la Ubelgiji wakati ule. Mafuta ya mimea yaliyogeuzwa kwa spiriti ndiyo leo huitwa biodizeli.

Watengenezaji wa nyumbani aghalabu hutumia mafuta yaliyokwisha kukaangia. Huyachuja makombo, huyachemsha maji yaishe, kisha huyapoza mpaka nyuzi 55 hivi. Kwa kila lita 100 huandaa lita 20 za spiriti iitwayo methanoli, ambamo wameyeyusha kostiki soda, yapata gramu 350 kwa mafuta mapya, na zaidi kwa yaliyochakaa. Mchanganyiko hukorogwa kama saa moja, kisha huachwa utulie: gliserini nyeusi hujitenga chini, na juu hubaki biodizeli ya rangi ya asali, ambayo huoshwa kwa maji na kukaushwa. Mafuta yakiwa na maji, au kipimo cha kostiki kikikosewa, mtu hujikuta amepika sabuni.

Hadhari ni lazima. Methanoli ni sumu ipofushayo na kuua, mvuke wake hudhuru, na mwali wake hauonekani vema mchana. Si kitu cha kuwekwa jikoni wala karibu na watoto. Biodizeli nayo husafisha uchafu wa miaka uliogandamana ndani ya tangi, hivyo filta huziba upesi mwanzoni, na mipira ya zamani hulainika ikavuja. Ile ya mawese huanza kuganda joto lishukapo karibu na nyuzi 15, jambo lisilomsumbua dereva wa Mombasa lakini limkabililo yule wa Njombe mwezi wa Julai.

Yasalia suala la chakula. Mafuta safi ya kupikia aghalabu ni ghali kuliko dizeli, na kuyamwaga katika tangi ni hasara kwa mfuko na kwa jirani mwenye njaa. Kwa ajili hiyo mwanzoni mwa karne hii wengi waliutumainia mbono kaburi, mti wenye mbegu zisizolika ambao wazee waliupanda kuwa ua na alama ya makaburi. Mti huo hustahimili ukame, lakini kuishi si kuzaa. Pasipo maji na rutuba haukutoa mbegu za kutosha, na mashamba mengi yakaachwa.

Kwa hiyo kazi ya kujitengenezea biodizeli humfaa mwenye mambo mawili: mtu wa kumpatia mafuta ya kukaangia kila juma, na injini ya zamani yenye pampu ya kawaida, magari mapya yenye nozeli za kompyuta yaepukwe. Naye asianze kwa tangi zima. Achanganye fungu moja la biodizeli kwa manne ya dizeli, abebe filta ya akiba, na oili aibadilishe mapema kuliko desturi.